Kujenga modeli ya tawi la reli la kubuni la Wales: naomba ushauri kabla sijakata mbao

Mkazi wa Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Mwanza. Nimedhamiria kujenga modeli ya reli ya enzi za mvuke, na ninayoitaka si nakala ya njia iliyowahi kuwapo, bali ni tawi la kubuni la kaskazini mwa Wales, eneo la milima, mvua na machimbo ya mawe, kama lilivyokuwa kabla matawi ya aina hiyo hayajafungwa. Stesheni ya mwisho nimeipa jina la Abergarreg, nayo nimeiweka kando ya ziwa, kwa sababu nimekulia ufukweni na nisingependa kujenga mandhari isiyo na maji.

Nilicho nacho mpaka sasa ni injini moja ya kipimo cha OO (uwiano wa 1:76), ile yenye matangi ya maji ubavuni na magurudumu sita, aina ya 5700 ya Great Western Railway, kampuni ya reli ya Uingereza, rangi ya kijani, pamoja na behewa moja la abiria la aina ya autocoach. Vyote viwili alinipatia shemeji yangu. Nafasi ni ukuta mmoja wa karibu mita tano katika nyumba ya kupanga, kwa hiyo kazi yote lazima iweze kufunguliwa vipande vipande siku nitakapohama.

Swali langu kubwa ni hili: mtu anafanyaje ili njia ambayo haikuwahi kuwapo ionekane kuwa ingeweza kuwapo? Nimetazama picha za modeli nyingi zenye daraja, handaki, kasri na machimbo, vyote vimebanana mahali pamoja, na bado haziaminiki. Pia ningependa kujua ni vifaa gani vinapatikana hapahapa Mwanza, ili nisilazimike kuagiza kila kitu nje.

Gadi Mstaafu

Mkuu, hongera kwa nia hiyo. Swali lako la kwanza ndilo lililobeba mengine yote, nami nitalijibu kwa urefu.

Tawi la reli halijengwi kwa sababu bonde linapendeza. Linajengwa kwa sababu kuna mwenye mzigo, na kuna mwenye fedha anayeamini kwamba mzigo huo utamlipa. Kabla hujashika msumeno, andika kwenye karatasi ni nani aliyegharimia reli yako, ilipeleka nini na kurudi na nini, na kwa nini iliishia hapo ilipoishia. Modeli unazozisema haziaminiki kwa kuwa mjenzi aliweka kila alichokipenda, akasahau kuuliza kila kitu kinamhudumia nani.

Kwa kaskazini mwa Wales mzigo unajulikana: sleti, yale mawe ya kijivu yanayopasuka kwa tabaka na kuezekea nyumba. Reli ya Ffestiniog ilifunguliwa mwaka 1836 kuyatelemsha kutoka milimani mpaka bandari ya Porthmadog, na kwa miaka mingi mabehewa yaliyojaa yalishuka yenyewe kwa uzito wake, farasi wakiwa wamepakiwa kwenye behewa lao, kisha farasi haohao wakayapandisha matupu, mpaka injini za mvuke zilipoanza kazi mwaka 1863. Hiyo lakini ni reli nyembamba, upana wake ni kama sentimita 60. Injini yako ni ya njia ya milimita 1,435, upana uleule wa SGR yetu, kwa hiyo mfano unaokufaa ni tawi la Great Western lililotoka Bala kwenda Blaenau Ffestiniog. Lilifunguliwa mwaka 1882, likakamilika mpaka Blaenau mwaka uliofuata. Huduma ya abiria ilikoma Januari 1960, na mwaka 1961 njia ikafungwa kabisa, kwa kuwa bonde lilikuwa linajengewa bwawa la kuupatia maji mji wa Liverpool. Kijiji cha Capel Celyn kilizama chini ya bwawa hilo mwaka 1965, na jambo hilo bado linawauma watu wa Wales mpaka leo.

Ziwa nalo unalo. Llyn Tegid, pale Bala, ndilo ziwa la asili kubwa kuliko yote ya Wales, urefu wake ni kama kilomita sita, na njia kuu ya Ruabon hadi Barmouth ilipita ukingoni mwake mpaka abiria waliposimamishwa mwaka 1965. Tangu 1972 treni ndogo ya watalii inapita juu ya tuta lilelile. Tafuta picha zake, uone jinsi reli ilivyobanwa kati ya mlima na maji. Hiyo tu inatosha kukupa nusu ya mandhari yako, bila kasri wala handaki.

La mwisho ni mwaka. Chagua mmoja na uutii. Reli za Uingereza zilitaifishwa tarehe 1 Januari 1948, na injini za aina yako zikaanza kupakwa rangi nyeusi, lakini baadhi zilibaki na kijani cha zamani kwa miaka michache. Ukichagua 1949, injini yako haihitaji kuguswa, behewa lako linaweza kubaki na rangi ya chokoleti na krimu, na mabehewa ya mizigo ya kijivu yatakuwa mahali pake. Ukisema 1957, itabidi upake upya karibu kila kitu.

Fundi Mabatini

Mimi niseme ya mbao na umeme. Shiti ya plaiwudi ni futi nane kwa nne, yaani mita 2.44 kwa 1.22, na ukiipasua mara nne unapata vipande vya mita 1.22 kwa sentimita 61. Vitatu viwe stesheni na mandhari, cha nne kiwe uwanja uliofichwa nyuma ya ubao, mahali treni inapokwenda ikiondoka Abergarreg, ambapo utaipanga upya kwa mkono. Jumla ni mita 4.88, na ukuta wako unaitosha. Fremu itengeneze kwa mbao zilizokaushwa vizuri, kwa sababu ubao mbichi unaokaukia kwenye fremu hupinda na kuivuta reli pamoja nao. Paka rangi juu na chini ya plaiwudi, kwani unyevu wa ziwani hupenya upande ulioachwa wazi. Vipande viunganishwe kwa bolti, pamoja na vigingi vya kuhakikisha reli zinakutana palepale kila unapovifunga.

Kuhusu kipimo, OO ni uwiano wa 1:76, kwa hiyo kilomita moja ya kweli ni mita 13 za modeli, na hakuna mwenye ukuta wa namna hiyo. Lazima ufupishe. Injini yako ina sentimita 12 na kidogo, behewa lako karibu 25, kwa hiyo jukwaa la sentimita 75 litaonekana refu vya kutosha kwa kijiji. Kona zisiwe na nusukipenyo chini ya sentimita 44, na zile zinazoonekana mbele ya mtazamaji zivuke 60, maana behewa refu kwenye kona kali linaning'inia nje vibaya.

Fahamu pia kwamba reli ya OO ina upana wa milimita 16.5, ilhali kwa uwiano wa 1:76 ingepaswa kuwa 18.83. Upana huo wa 16.5 kwa kweli ni sahihi kwa HO, ambayo ni 1:87. Ni mapatano ya zamani na jicho huyazoea, lakini yanakutaka uwe mwangalifu unaponunua watu, magari au nyumba: vya 1:87 vitaonekana vidogo pembeni ya injini yako. Mtu wa mita 1.70 anatakiwa kuwa na milimita 22.

Kila kipande cha reli kiunganishe kwa risasi na nyaya zake mwenyewe kwenda kwenye nyaya kuu mbili zinazopita chini ya ubao. Usitegemee vile vibati vya kuunganishia reli kupitisha umeme. Kwa hali ya hewa ya hapa vitashika kutu na treni itakuwa inasimama ovyo. Injini inatumia volti 12, kwa hiyo umeme ukikatika unaweza kuendelea kwa betri ya sola na kidhibiti mwendo, mradi uweke fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2. Bila fyuzi, injini ikitoka njiani na kugusanisha reli mbili, betri itamwaga umeme wote pale na kuunguza nyaya.

Kashozi Mchoraji

Kaka, nakusalimu kutoka Bukoba. Naomba nianze na tahadhari: mawe ya Mwanza yatakupotosha. Ukikaa unayatazama kila siku, mkono wako utachonga majabali ya mviringo yaliyopandana, na hayo ni matale, mawe ya granaiti. Sleti ni kinyume chake. Inapasuka kwa tabaka nyembamba na kingo kali, zote zimelala upande mmoja. Mwamba wa namna hiyo unautengeneza kwa kadibodi ngumu ya maboksi, ukiichana kwa mkono na si kuikata kwa mkasi, kisha unapanga vipande vimeinamia upande mmoja, unapaka jipsamu nyepesi juu, na ikikauka unaweka rangi ya kijivu yenye bluu kidogo. Ile kingo ya kuchanwa ndiyo inayoleta sleti, na mkasi hauwezi kuitoa.

Mapaa ya nyumba yafanye kwa vipande vya karatasi nene virefu, ukivikata nusu kwa kila milimita tatu hivi, kisha uvibandike kuanzia chini kwenda juu, kila mstari ukifunika sehemu ya uliotangulia. Vigae vichache uviache vimekaa kombo.

Nyasi ndefu zitoke kwenye katani iliyokatwa fupi, iliyotiwa rangi zile za unga wanazotumia wasukaji wa mikeka kwenye ukindu. Changanya kijani na kahawia kwa wingi kuliko unavyodhani, kwa maana kijani chetu cha baada ya masika ni kikali mno kwa milima ya Wales. Miti na vichaka ni dodoki lililokauka, lichanwe vipande na kunyunyiziwa unga wa mbao uliotiwa rangi. Kokoto za njia ni chenga za granaiti zilizochekechwa kwa chujio la chai. Hapo ndipo mawe ya Mwanza yanapokufaa. Zimwage kati ya mataruma, zilowanishe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndipo udondoshe gundi ya mbao iliyozimuliwa. Bila sabuni, gundi inajikusanya juu na kuzibeba kokoto. Mahali injini inaposimama kuchukua maji pawe peusi: vumbi la mkaa linatosha.

Ziwa usilipake bluu. Paka ubao rangi ya kijani iliyokaribia weusi, nyepesi kidogo ukingoni, kisha vanishi tabaka nyembamba kadhaa, kila moja ikauke kabisa. Gundi ya unga wa ngano usiitumie popote, kwa kuwa mende wataila mandhari yako. Na chandarua cha kufunikia modeli ni lazima kwa mtu wa ufukweni, maana wale wadudu wadogo wa ziwani wakiingia kwa makundi usiku taa ikiwaka, watajaa kwenye reli na kwenye vanishi mbichi.

Mwanza Kusini

Nimesoma yote kwa furaha, ila nina swali la dhati. Kwa nini tawi la kubuni la Wales, wakati kwetu kuna historia ya kutosha? Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ilikuwa sehemu kubwa ya mzigo wake. Pale Mwanza Kusini mabehewa yanaingia moja kwa moja kwenye MV Umoja kuvuka ziwa. Tawi la kubuni linaloishia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kando ya maji lingepita mtihani wa Gadi bila shida.

Mkazi wa Nyegezi

Mkuu wa Mwanza Kusini, hoja yako ni nzito, na tawi hilo la pamba natamani kuliona limejengwa. Kikwazo ni njia yetu ya upana wa mita moja: kwa uwiano wa 1:76 inakuwa milimita 13 na kidogo, na injini za Afrika Mashariki za kipimo hicho itabidi nizichonge mwenyewe kuanzia magurudumu, kazi ambayo siiwezi kwa sasa. Isitoshe, hii ya Wales naipenda tangu utotoni kwa ajili ya picha za kalenda moja iliyokuwa nyumbani kwetu, na ningependa kuitendea haki.

Kwa hiyo nimeamua. Mwaka ni 1949. Waliogharimia ni wamiliki wa machimbo yaliyo juu ya mlima, ambayo mtazamaji hatayaona. Ataona tu gati la mawe ambapo reli nyembamba inaleta sleti na wapakuzi wanaihamishia kwenye mabehewa makubwa. Yanayoingia ni makaa na chakula cha mifugo, yanayotoka ni sleti, sufu na kondoo. Nimebakiwa na jambo moja: kwa kuwa behewa la autocoach lina chumba cha dereva mbele, je, ninaweza kuacha ile njia ya pembeni ya kuzungushia injini na kuokoa nafasi?

Gadi Mstaafu

Usiiache. Ni kweli kwamba autocoach ilimruhusu dereva akae mbele ya behewa huku fundi wa moto akibaki kwenye injini inayosukuma nyuma, lakini mpango huo ulihitaji injini iliyofungwa mitambo yake maalumu, na aina ya 5700 haikufungwa. Iliyofungwa ni ya 6400, inayofanana nayo sana kwa umbo. Kwa injini uliyonayo, behewa lako litavutwa kama behewa la kawaida, na kila treni ikifika Abergarreg lazima injini ikatwe, ipite pembeni na kushika upande wa pili. Mabehewa ya sleti nayo yangekudai njia hiyohiyo.

Ipe njia hiyo ya pembeni nafasi huru ya sentimita 70, inayotosha behewa la abiria na mabehewa matano ya mizigo. Kisha, kati ya pointi ya mwisho (mahali njia mbili zinapoachana) na kizuizi cha mwisho wa reli, acha sentimita 18, kwa sababu injini yako ina 12 na kidogo na inahitaji kuivuka pointi yote kabla ya kurudi nyuma.