Naomba ushauri: filamu ya kutazama na mama

Wapendwa, habari zenu. Niko Jinja. Jumamosi jioni tunatazama filamu nyumbani, mama, wadogo zangu na mimi, lakini kukubaliana ni kazi.

Queen of Katwe (2016) ilitukamata wote. Phiona, yule msichana mhusika mkuu, akitembeza mahindi barabarani, mama alisema, "Hiyo ndiyo Kampala ninayoijua." The Last King of Scotland (2006) inanigawa: Forest Whitaker alistahili kabisa Oscar yake kwa kumwigiza Amin, ila inaniuma historia yetu kusimuliwa kupitia daktari Mskoti wa kubuni. Who Killed Captain Alex? (2010), ya mwongozaji Nabwana na wenzake kule Wakaliga, Kampala, vijana wanaipenda mno. Mama husikia bunduki akaondoka. Tamthilia za nje zilizotafsiriwa na maveejay, wale wanaosimulia kwa sauti yao juu ya filamu, mama anazipenda, mimi zinanichosha. Veejay kwenye filamu ya mapigano ni raha, lakini kwenye msiba anafunika kilio cha mwigizaji!

Naombeni mnitajie filamu au tamthilia ya Uganda, Kenya au Tanzania, ya Kiswahili au Kiganda, isiyo na risasi nyingi wala ya kutuinamisha vichwa mbele ya mzazi. Na wadogo zangu wasisinzie, tafadhali.