Tui linakatika kila nikipika mchuzi wa samaki wa Kerala. Kosa ni la nazi au ni langu?

BintiNyegezi
Habari za jioni wapendwa. Mwaka 2019 nilikaa Kochi, jimbo la Kerala huko India, miezi 4 nikimuuguza baba. Mama mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa akipika meen moilee, mchuzi wa samaki wa tui, wa manjano, mwepesi, usio na bizari nyingi. Baba alikuwa ameacha kula. Ule mchuzi ndio chakula cha kwanza alichoomba aongezwe. Jumapili hii anatimiza miaka 70, nataka nimpikie hapahapa Nyegezi, Mwanza.

Nimejaribu mara mbili. Nimenunua minofu ya sangara pale Mwaloni Kirumba, nikakaanga kitunguu, tangawizi, pilipili za kijani na manjano, nikakamulia limao, nikamimina tui lote, nikafunika. Kufunua, mafuta yako juu, maji chini, chengachenga katikati, samaki amevurugika kama uji. Na ile harufu ya majani ya mchuzi haipo kabisa, ingawa niliweka ya pakiti. Nazi zetu zinasafiri mpaka zifike huku. Ndiyo sababu?

KakaMabatini
Dada, weka nyanya ya kopo na bizari ya mchuzi, itashikana tu.

MamaPangani
Hapana baba, huo utakuwa mchuzi mwingine. Anataka ule aliokula mzee wake.

Mwanangu, nazi usiisingizie. Ukinunua itikise usikie maji, na uangalie macho yake. Kama haina maji, au macho yana ukungu, iache. Nina miaka mingi hapa Kirumba na napikia nazi hizohizo.

Kosa ni kumimina tui lote kwa pamoja, tena na limao ndani, tena ukafunika. Tui ni la aina mbili: kwanza kamua tui zito uliweke kando. Rudishia machicha maji ya vuguvugu, kamua la pili, jepesi. Samaki aive kwenye hilo jepesi. Akishaiva punguza moto kabisa, ndipo umimine tui zito, na usitie mwiko, utamvunja samaki. Shika sufuria masikio uizungushe taratibu. Likianza kufuka mvuke na kutetemeka pembeni, epua. Likichemka limekwisha. Limao ni baada ya kuepua.

MvuviIgombe
Mama kamaliza upande wa tui. Mimi niseme samaki. Nilisoma uvuvi, na jambo hili nalipenda: kule Kerala moilee hupikwa pia kwa samaki wanayemwita karimeen, anayeishi kwenye maji ya chumvi kidogo nyuma ya pwani. Huyo ni wa familia moja na sato wetu! Kwa hiyo acha minofu ya sangara, chukua sato wawili wabichi, umkate kila mmoja vipande vitatu na mifupa yake. Wapake chumvi na manjano nusu saa, kisha wapitishe kwenye mafuta ya moto dakika moja kila upande, ngozi ishike tu. Hawatavurugika.

ShangaziIsamilo
Majani makavu ya pakiti hayana kitu. Ulizia mabichi kwenye maduka ya viungo ya Wahindi mjini, sema kadi patta. Mti wake unaota vizuri hapa, jirani yangu anao uani. Yatie kwenye mafuta ya nazi yenye moto, kabla ya kitunguu, mpaka yalie. Ukiyatia mchuzini mwishoni hutapata ile harufu.

Na mchuzi huo kule wanaula na appam, mkate wa mchele na nazi uliochachuliwa. Ukikosa muda, pika vitumbua, sukari weka kidogo sana.

BintiNyegezi
Mama Pangani shikamoo, na ahsanteni nyote. Leo Ijumaa nimejaribu na sato wawili. Tui limetulia, laini, rangi ileile. Majani nimepewa na jirani, nyumba nzima imenukia Kochi, nikalazimika kukaa chini kidogo. Ila pilipili 6 nilizokatakata zimekuwa kali mno kwa mzee. Jumapili natia 3, nazipasua tu katikati.

MamaPangani
Marahaba. Mbili zinatosha. Na kitakachobaki ukipasha Jumatatu, moto mdogo vilevile.