Tupeane uzoefu: hobi gani ya mpelelezi wa riwayani ilikufanya uweke kitabu chini ukaijaribu?

Mwanzisha mada
Wakuu, hodi humu. Sizungumzii riwaya za Willy Gamba, za bastola na majasusi. Nasema zile za taratibu: kijiji kidogo, maiti moja, damu haba, na mpelelezi ni raia tu mwenye hobi yake. Anafuma, anaoka, anafuga paka. Wengi huona hobi hiyo ni pambo la jalada. Mimi naona humo ndimo yalimo macho yake, maana mikono yake inajua kitu ambacho polisi hakijui.

Naanza mwenyewe. Miss Marple wa Agatha Christie, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka 1930, haachani na uzi wa sufu. Nilipomsoma nikamkumbuka marehemu bibi yangu Tanga. Ikifika alasiri alikaa barazani akifuma vitambaa vya makochi. Mtu anayefuma kainamisha kichwa, basi watu huongea mbele yake kama vile yeye ni mkeka. Kuku wa mtaani walipoanza kupotea, bibi ndiye aliyejua. Alimsikia mtoto mmoja akijisifu kwamba kwao wamekula supu siku tatu mfululizo, na baba wa mtoto yule alikuwa hajapata kibarua tangu mfungo uishe. Bibi hakuinua hata uso.

Nikanunua uzi na ndoano. Kitambaa changu cha kwanza kilitoka na pembe tano. Kusikia sikusikia lolote, kazi ilikuwa kuhesabu matundu tu. Nadhani masikio hufunguka mikono ikishazoea, na mimi sijafika huko.

Chumvi Kidogo
Mimi niliponzwa na Hannah Swensen wa Joanne Fluke. Ana duka la biskuti huko Minnesota, Marekani, kitabu cha kwanza ni cha 2000, na mapishi yamo humohumo ndani ya hadithi. Nikasoma joto: 350. Oveni yangu inaishia 250. Nikazungusha mpaka mwisho, nikasema kilichopungua nitakifidia kwa dakika. Jirani alikuja na ndoo ya maji.

Kumbe Wamarekani wanapima kwa Farenhaiti, na 350 yao ni kama 177 yetu. Halafu siagi wanaihesabu kwa vijiti, kijiti kimoja gramu 113, mimi nilikata kwa kukisia. Mara ya tatu zikatoka biskuti za kula watu. Ila niseme ukweli, yale mapishi yanakata utamu. Muuaji yuko mlangoni, wewe unaambiwa upepete unga.

Mfamasia wa Zamu
Mwanzisha mada, umemtaja Christie ukaruka kubwa kuliko yote. Yule mama alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali ya Torquay wakati wa Vita vya Kwanza, akarudi tena kwenye dawa Vita vya Pili, London. Sumu zake hakuzitoa hewani. Riwaya yake ya kwanza, ya 1920, ina sumu iitwayo striknini, na jarida la wafamasia wa Uingereza liliisifu kwa usahihi wake. Mwandishi wa upelelezi kusifiwa na watu wa dawa si jambo dogo.

Nilikisoma nikiwa zamu ya usiku. Ndani mna chupa ya dawa ya maji yenye striknini kidogo, ya kumpa mtu nguvu. Ukitia bromaidi, dawa ya kumtuliza mtu, striknini inaganda na kushuka chini. Mgonjwa anakunywa kijiko leo, kijiko kesho, salama. Dozi ya mwisho ndiyo imebeba yote. Nikaweka kitabu chini nikatazama rafu zangu. Kila siku naandika "tikisa kabla ya kutumia" kama mtu anayesaini daftari. Tangu usiku ule namgeuzia mgonjwa chupa, namwonyesha mashapo, natikisa mbele yake. Wengine wananiona nina maringo.

Kericho Juu
Mimi nilikuwa kiwanda cha majani chai miaka sita. Kuna riwaya za Laura Childs, mpelelezi ana duka la chai Charleston, Marekani. Nilizipenda, lakini huko chai inanywewa kwa upole mno! Mwonjaji wa kwetu anavuta kijiko kwa kishindo, sruuup, anatema kwenye ndoo, anahamia kikombe kingine, na vikombe vimepangwa foleni. Mtu kama huyo akikuambia chai hii ina kitu, piga simu polisi.

Kamba Ndefu
Niko Uingereza. Dorothy Sayers ana riwaya ya 1934 kuhusu kengele za kanisa, nane, na hata barua ya fumbo inafunguliwa kwa mpangilio wa kengele hizo. Nikapanda mnara wa kanisa la hapa kijijini kuomba wanifundishe.

Wakuu, hakuna wimbo pale. Ni hesabu. Kila duru kengele zinabadilishana nafasi, na mpangilio haurudiwi. Kwa kengele saba kuna mipangilio 5,040, na kuimaliza ni kama saa tatu za kusimama. Kamba ina sehemu iliyofumwa kwa sufu. Usipoiachia kwa wakati inakunyanyua. Mimi ilininyanyua wiki ya pili, babu mmoja akanidaka kiuno. Baada ya hapo nilikirudia kitabu, na kurasa nilizokuwa nazivuka ndizo nikazisoma polepole.

Mtoto wa Unguja
Mbona mnazunguka Ulaya tu? Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla yupo tangu 1960, na kiko chake mdomoni. Kiko nilikijaribu. Nilikohoa mpaka mama akajua.

Chumvi Kidogo
Mfamasia, kaka yangu, hicho kitabu cha chupa niko ukurasa wa 60.

Mfamasia wa Zamu
Nisamehe dada. Lakini aliyeitia sijakutajia.