Alama za usemi katika insha za watoto: walimu na wazazi wa Moshi na Arusha, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Moshi mjini

Salaam, ndugu walimu na wazazi. Ninafundisha Kiswahili Darasa la Tano, na kila ninaposahihisha insha nakutana na tatizo lile lile: mtoto anasimulia vizuri, lakini wahusika wake wakianza kuzungumza, msomaji hajui tena ni nani anayesema. Naomba tuelezane namna tunavyofundisha alama za kufungua na kufunga usemi, na hasa mahali tunapoanzia.

Kwangu, mtoto anayesahau alama si tatizo kubwa, kwa sababu huyo hukumbushwa akakumbuka. Anayenipa kazi ni yule anayeziweka mahali ambapo usemi haustahili alama, akaandika hivi: Mama aliniambia kwamba “nenda dukani ukanunue sukari.” Masikioni mwake sentensi hiyo haina dosari, kwa kuwa ndivyo tunavyosimulia nyumbani, tunatia “kwamba” halafu tunaendelea na maneno ya mama kama yalivyotoka. Kwa hiyo sianzi na kanuni. Naiandika sentensi ubaoni, mtoto mmoja anakuwa msimulizi na mwingine anakuwa mama, kisha wanaisoma kwa kupokezana. Msimulizi akiishia kwenye “kwamba” na mama akadakia “nenda dukani”, darasa zima hucheka, maana wote wamesikia kuwa neno hilo limebaki linaning’inia. Hapo ndipo tunapochagua. Tukitaka sauti ya mama isikike, tunaliondoa “kwamba”, tunaweka koma na kufungua alama: Mama aliniambia, “Nenda dukani ukanunue sukari.” Tukitaka msimulizi aseme peke yake, tunaandika kuwa mama aliniambia kwamba niende dukani nikanunue sukari, bila alama yoyote. Nawaomba watoto watazame jinsi “nenda” ilivyogeuka “niende” na “ukanunue” ilivyogeuka “nikanunue”. Mtoto akishaona kuwa kitenzi chenyewe kinamjulisha ni sauti ya nani, ananiuliza mara chache sana alama ziwekwe wapi.

Mwalimu, Ngarenaro, Arusha

Nashukuru kwa mada hii, Mwalimu mwenzangu. Kwa wanafunzi wangu chanzo kimojawapo ni namna mazungumzo yanavyopangwa katika masomo ya ufahamu: jina la msemaji, nuktambili, kisha maneno yake. Mtoto aliyezoea mpangilio huo anauhamishia kwenye hadithi na kuongeza alama juu yake, na matokeo yake hayawi mchezo wa kuigiza wala masimulizi. Badala ya kupigana na mazoea hayo, nimeyafanya kuwa hatua ya kwanza. Tunaandika kwanza mazungumzo ya ndani ya daladala la Kwa Mrombo:

Konda: Mama, sogea huko nyuma.
Abiria: Nisogee wapi na gari limejaa?

Kisha tunayageuza kuwa hadithi:

“Mama, sogea huko nyuma,” konda alisema.
“Nisogee wapi na gari limejaa?” abiria akauliza.

Hapo nakaa muda mrefu, kwa sababu mambo mengi hutokea katika mistari hiyo miwili. Nukta ya konda imekuwa koma, kwa kuwa sentensi haijaisha hadi tuseme ni nani aliyezungumza, na koma hiyo inakaa ndani, kabla ya alama ya kufunga. Alama ya kuuliza ya abiria haibadiliki, wala haiongezewi koma, ingawa wengi huziweka zote mbili. Gumu zaidi ni herufi inayofuata. Tangu madarasa ya chini mtoto ameambiwa kuwa baada ya alama ya kuuliza huja herufi kubwa, kwa hiyo anaandika “Abiria akauliza”, na ukimsahihisha anakutazama kama mtu aliyemgeuka. Lazima aelezwe kwamba alama hiyo imefunga swali la abiria tu, na sentensi ya msimulizi bado inaendelea.

Mzazi, Njiro, Arusha

Mimi si mwalimu, ila nina mtoto anayesoma kwa Kiingereza, na jioni tunakaa naye kwenye kazi za shule. Aliwahi kuwekewa alama ya kosa kwa kutumia alama moja moja katika mazungumzo ya Kiingereza, wakati alikuwa ameiga kitabu cha hadithi kilichochapishwa Uingereza, ambako vitabu vingi hutumia alama moja moja, tofauti na Marekani wanaotumia mbili mbili. Ninachoomba ni mwalimu atangaze mapema mtindo anaoutaka, kwa sababu mtoto asiyejua kuwa mitindo ni miwili anaamini kuwa ama kitabu ama mwalimu amedanganya.

Mwalimu, Usa River

Naheshimu michango iliyotangulia, lakini tuseme pia ukweli wa ratiba. Katika mtihani wa kumaliza Darasa la Saba, kwa kiasi kikubwa mtoto anachagua herufi ya jibu, na hata kwenye utungaji anapewa sentensi zilizochanganywa azipange. Mkuu wa shule na wazazi wanauliza ufaulu. Kwangu mazungumzo yanapata nafasi kupitia kauli halisi na kauli taarifa, basi.

Mwanzisha mada

Ninakuelewa, Mwalimu. Hata hivyo, mtoto huyo akifika sekondari ataandikishwa insha hadi mtihani wa Kidato cha Nne, na mwalimu wa huko atadhani sisi tulikwisha kumaliza kazi hii. Zoezi la mama na sukari, kwa bahati nzuri, ndilo hilo hilo la kauli halisi na kauli taarifa. Halihitaji kipindi cha ziada.

Mwalimu mstaafu, Kibosho

Wanangu, mmeacha jambo la aya. Kila msemaji anapobadilika tunaanza mstari mpya, na kanuni hiyo ilikuwa ikinipa shida kuliko koma, kwa sababu mtoto anayejua bei ya daftari nyumbani kwao hujaza mstari hadi mwisho na kuwabana wasemaji watatu pamoja.

Mwanzisha mada

Shikamoo, Mwalimu. Je, ulilitatuaje bila kuwaongezea wazazi gharama?

Mwalimu mstaafu, Kibosho

Marahaba. Nilipunguza mazungumzo yenyewe. Niliwaambia kuwa katika ukurasa mmoja wanaruhusiwa kuwaacha wahusika waseme maneno machache tu, na mengine yote wayasimulie. Ilibidi wachague ni maneno gani hayawezi kusemwa na mwingine. Bei ya ndizi sokoni Kiboriloni ilisimuliwa; tusi la mgomvi, ahadi ya baba na swali la mtoto mdogo viliwekewa alama. Binti mmoja aliniuliza kama inaruhusiwa kuandika “Shimbonyi” ya bibi yake ilhali insha ni ya Kiswahili. Nilimjibu kuwa inaruhusiwa ndani ya alama, kwa sababu ndivyo bibi alivyosema, na nje ya alama aandike tu kwamba bibi alimsalimu.