Tupeane uzoefu: vidio iliyowahi kukugomea kukonvati, tatizo lilikuwa nini na ulichomokaje?

FundiWaKaloleni
Wakuu habari za jioni. Mimi nashuti na kuediti harusi, sendofu na vipaimara hapa Arusha. Nimefungua huu uzi maana kila Desemba watu wakianza kupanda Moshi na Rombo naletewa memori kadi na fleshi zenye vidio zimegoma, na swali ni lilelile, "kaka nipe konveta nzuri". Jamani, konveta inafungua faili, inasoma kilichomo halafu inakiandika upya, basi. Faili lenyewe likiwa halisomeki hata ununue ya kulipia itagoma vilevile, na hela imeenda.

Naanza na yangu. Harusi moja Sakina umeme ulikatika katikati ya keki, kamera ya mwenzangu ilikuwa inakula umeme wa ukutani, ikazima palepale. Faili lipo, lina GB kibao, ila HandBrake (konveta ya bure) inasema haioni kitu, VLC (playa ya vidio) inafungua na kufunga. Nikalipitisha kwenye FFmpeg, programu ya kukonvati kwa kuandika amri, ikaandika "moov atom not found". Hapo ndo nikapumua maana angalau ugonjwa una jina. MP4 ina sehemu inaitwa moov, ndiyo inayosema kila picha na kila kipande cha sauti kiko wapi ndani ya faili, na kamera nyingi zinaiandika mwishoni kabisa ukishabonyeza stopu. Kamera ikizima ghafla picha zinakuwepo ila hiyo orodha haipo. Kuna programu ya bure inaitwa untrunc, unaipa faili bovu na faili zima lililoshutiwa na kamera ileile kwa setingi zilezile, inajifunza kutoka kwa zima na kuijenga upya orodha ya bovu. Keki ilirudi, ndafu ilirudi, zilikatika sekunde za mwisho tu.

Ila sikilizeni hapa: kadi ikipata hilo tatizo usirekodi tena juu yake wala usiifomati. Kopi kwanza kila kitu kwenye kompyuta, ufundi uanzie kwenye kopi.

GaidiWaMarangu
Mkuu umenigusa. Sisi wa mlimani hii tunaijua sana, baridi ya usiku wa kilele inamaliza betri hata kama ulichaji full, mgeni anafika Uhuru mita 5,895, anarekodi anaimba analia, betri inakata kabla hajabonyeza stopu. Akishuka getini faili halifunguki na anaanza kukuangalia wewe kama vile umeroga. Kwa wenye kamera ndogo za GoPro kabla hamjakimbilia kompyuta rudisheni kadi ileile kwenye kamera ileile, weka betri yenye chaji, washa. Ikigundua faili la mwisho halikufungwa vizuri inajaribu kulirepea yenyewe, iacheni imalize msiizime. Kwangu imekubali zaidi ya mara moja. Na siku hizi nawaambia wageni betri ya akiba ikae ndani ya jaketi karibu na kifua, siyo kwenye begi.

DadaStesheneri
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mimi nina stesheneri Moshi mjini, kwangu kesi kubwa ni vidio za iPhone. Mtu analeta vidio ya mazishi ya baba yao Kibosho anataka iwekwe kwenye DVD za kugawa kwa wanafamilia, ukifungua kwenye kompyuta ya kizamani sauti inasikika vizuri kabisa picha nyeusi tii. Konveta za zamani nazo zinagoma. Kumbe tangu iOS 11 ya mwaka 2017 hizo simu zinarekodi kwa HEVC, yaani H.265, njia mpya ya kubana vidio, inabana nafasi sana ila programu za zamani haziijui. HandBrake mpya inaisoma, nachagua H.264, ile ya zamani zaidi ambayo karibu kila programu inaijua, yanaisha. Na nikimaliza namwonyesha mwenye simu aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible, asinirudie tena kwa shida hiyohiyo (ingawa wakirudi ndo hela 😄).

ChaliiWaNgarenaro
Mnajisumbua aisee. Mi nikikuta ni .mkv nabadili jina tu naandika .mp4, TV inakubali. Konveta ya nini?

FundiWaKaloleni
Chalii wangu, hiyo ni kubandika lebo ya asali kwenye chupa ya mbege. TV zingine zinaangalia jina tu ndo zilionyeshe faili kwenye orodha, kwa hiyo kwako ilibahatisha kwa sababu ndani kulikuwa na H.264 inayoijua. Siku ukikutana na isiyoijua utabadili jina mpaka alfajiri. Ukitaka kuhamisha kweli kutoka mkv kwenda mp4 bila kugusa ubora, andika hivi:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Inamaliza haraka maana haikonvati picha, inahamisha tu kutoka ganda moja kwenda lingine. Picha ikionekana ila TV iko kimya, mara nyingi sauti ni DTS, aina ambayo TV nyingi haziijui, basi badala ya -c copy weka -c:v copy -c:a aac, picha inabaki ilivyo inabadilika sauti peke yake.

BabaMuviPasua
Mi naweka watu muvi na vidio za sherehe kwenye fleshi. Kuna jamaa alikuwa na vidio ndefu ya harusi, kila akikonvati inafika palepale inakata, akabadilisha konveta zote za dunia, akaapa laptopu ina virusi. Nikamuuliza unaseva wapi? Moja kwa moja kwenye fleshi. Fleshi imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haibebi faili moja la kuzidi GB 4, hata kama fleshi ni ya 64 na iko tupu. Konvati kwenye diski ya kompyuta kwanza, halafu fomati fleshi iwe exFAT, mpangilio mpya usio na kikomo hicho (toa vitu vyako kabla, fomati inafuta kila kitu) ndo uhamishe. Tatizo TV za zamani zingine exFAT hazisomi, hapo kata vidio vipande viwili yaishe.

FundiWaKaloleni
👆 Hii muhimu. Ila kama inakata palepale na diski ina nafasi, chezesha faili la mwanzo kwenye VLC mpaka dakika hiyo. Picha ikivurugika hapo ujue faili la mwanzo ndo lina kidonda.

MamaKwaya
Ya kwetu ilikubali kukonvati ila kwaya ikawa inaimba midomo imeshafunga 😂 tulirekodi kwa simu.

DadaStesheneri
Mama hiyo ni simu kubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na ndani ya kanisa mwanga ni mdogo. Rudia kwenye HandBrake, sehemu ya Video weka Constant Framerate badala ya Variable. Ikonvati kutoka faili la mwanzo lililoko kwenye simu, siyo ile iliyopita WhatsApp.

ChaliiWaNgarenaro
Ongezeni na memori kadi feki. Imeandikwa GB 128 kumbe ndani ni 8, inapokea tu mafaili, majina unayaona, ukifungua hamna kitu. Hiyo hata untrunc haikusaidii. Ukinunua ipime na H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi, kabla hujaenda nayo kwenye shughuli ya mtu.

MwenyeDukaKijenge
Samahanini naingilia. Nina vidio ya CCTV ya dukani, kuna mtu aliiba juzi na nimeambiwa nipeleke kwenye fleshi. Nimeitoa kwenye DVR (mashine inayorekodi za kamera) jina la faili linaishia .dav, kila konveta inakataa. Nifanyeje?

FundiWaKaloleni
Pole dada. .dav ni fomati ya DVR za Dahua na zinazofanana nazo, konveta nyingi haziijui. Wanayo playa yao ya bure ya kompyuta inaitwa Smart Player, inafungua hiyo na kuekspoti. Ila rudi kwanza kwenye DVR yenyewe, sehemu ya bakapu angalia kama kuna chaguo la MP4, nyingi zinalo. Chagua kamera na saa husika tu usitoe siku nzima, na lile faili la .dav usilifute, lipeleke pamoja na MP4 maana ndo la asili. Fanya leo dada, diski ya DVR ikijaa inaandika juu ya zile za zamani.

MwenyeDukaKijenge
MP4 nimeiona, inatoa sasa hivi. Saa ya DVR inaonyesha iko nyuma karibu saa nzima, nirekebishe?

FundiWaKaloleni
Usiiguse kwanza. Piga picha skrini ya DVR ikionekana pamoja na saa ya simu yako, uipeleke na hiyo.