Zahanati ipo na huduma ni bure: kwa nini akina mama wanaanza uzazi wa mpango kisha wanaacha?

Mhudumu wa Kijiji ameuliza:

Ndugu zangu, ninaomba mawazo yenu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika Kanda ya Ziwa, na kwa miaka sita nimepita nyumba kwa nyumba nikieleza uzazi wa mpango. Sijakutana na mama asiyejua sindano, vidonge, kijiti au kitanzi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 31 tu ya wanawake walio katika ndoa nchini Tanzania hutumia njia za kisasa, ilhali ule wa 2015/16 ulipata 32; kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka huohuo wa 2022, ilikuwa asilimia 57. Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja alinikabidhi kadi yake ya kliniki, imefungwa ndani ya mfuko wa sukari, akaniomba nimhifadhie ili mumewe asiione. Baada ya miezi mitatu hakurudi kuchoma sindano. Kikwazo hasa kiko wapi?

Muuguzi wa Zahanati:

Dada Mhudumu, pole na kazi. Wengi husema tatizo ni elimu, lakini mimi nimeona kwamba mama huacha pale mwili wake unapobadilika na hakuna aliyemtayarisha. Sindano na kijiti hubadili hedhi: mmoja atatokwa na matone kwa wiki kadhaa, mwingine hataona siku zake kabisa, naye anarudi nyumbani akiamini kuwa damu inajikusanya tumboni na itageuka uvimbe. Ukimweleza mapema kwamba ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unabaki mwembamba, kwa hiyo hakuna damu iliyofungiwa mahali, hofu hupungua sana. Maelezo hayo yanahitaji dakika kumi, na asubuhi ya kliniki, nikiwa peke yangu na foleni imefika mlangoni, dakika kumi sina.

Jambo la pili halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kutoa kijiti. Timu ya huduma ya mkoba inafika, inawawekea wanawake wengi kwa siku moja, kisha inaondoka. Mwaka jana alinijia mama akapandisha mkono wa blauzi, akaniwekea kidole changu kwenye vijiti viwili chini ya ngozi, vyembamba kama njiti za kiberiti, akasema muda wake umeisha na amezungushwa vituo viwili kwa sababu aliyefundishwa kuvitoa hakuwepo. Majirani zake wote waliijua safari ile na nauli ya pikipiki aliyolipa. Unadhani nani kati yao atakubali kuwekewa?

Tusisahau pia Septemba 2018, Hayati Rais Magufuli alipopinga uzazi wa mpango akiwa Meatu, na siku chache baadaye wizara ikasitisha matangazo yake redioni na kwenye runinga. Wanaume wa huku walisikia, na wengine bado wanalitaja.

Baba wa Wanne:

Nitasema kama mume. Mke wangu alichoma sindano kwa miaka miwili kwa makubaliano yetu, tukaacha tulipotaka mtoto wa nne, na miezi minane ikapita bila mimba. Mama yangu alisema wamemharibu kizazi, nami niliamini, nikamlaumu mke wangu kwa maneno ambayo mpaka leo yananiuma. Baadaye ndipo daktari alipotueleza kuwa baada ya sindano ile uzazi huchelewa kurudi, mara nyingi miezi kadhaa hadi hata mwaka, na kwamba hauharibiki. Laiti ningeambiwa siku ya kwanza! Lakini siku ya kwanza nilikuwa nje, chini ya mwembe, kwa kuwa hakuna aliyeniita ndani.

Mwalimu wa Madrasa, Pemba:

Kwetu swali la kwanza huwa ni la dini. Masahaba walifanya azl (mume kumwaga mbegu nje) zama za Mtume (S.A.W.), na imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba hawakukatazwa, ndiyo maana wanazuoni wengi huruhusu njia za muda kwa ridhaa ya wanandoa wote wawili, na hukataza kufunga kizazi pasipo dharura. Mtu asiyeelezwa tofauti hiyo huona yote ni haramu.

Mhudumu wa Kijiji:

Nashukuru sana. Mama aliyeniachia kadi nimemfuata jana jioni: siku zake zilikatika, akaogopa, na hakuwa na wa kumuuliza kwa sababu kuuliza kungemfichua. Jumatatu nitamwomba mganga mfawidhi atutangazie siku maalumu ya kutoa vijiti kila mwezi. Muuguzi, kwako mliwahi kufanya hivyo, na mlimpata wapi mtoaji wa kudumu?