Machungwa yanaingia Lubumbashi na mihuri yote, ila nani amepima sumu?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na nyie wa Likasi na Kolwezi mnaolishwa na mpaka ule ule wa Kasumbalesa, leo salamu ni fupi. Kila nikiuliza habari ya dawa zinazobaki kwenye matunda ya kutoka nje, naambiwa jambo moja, nami nimechoka kuambiwa "osha tu matunda yako, mama".

Kazi yangu ni jusi na konfitiri. Ganda la chungwa kwangu si takataka: nalikata nyuzi nyembamba, linaingia kwenye sufuria na sukari, watu wanapaka kwenye mkate wa asubuhi. Juzi kwenye depo ninakochukulia mzigo nikakuta kartoni ya machungwa ya Afrika Kusini ambayo karatasi yake ilikuwa haijabanduliwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za Kiingereza: matunda haya yametiwa imazalili na tiabendazoli, kisha yakapakwa nta. Nikamwonyesha kijana wa depo. Akacheka, akaipasua kartoni, machungwa yakamwagika kwenye beseni la mama aliyekuwa anangoja kuyapeleka soko la Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si ile nchi). Kartoni ikatupwa kando, nayo itauzwa. Basi onyo limeishia hapo. Mteja wa Kenya au Katuba anakutana na chungwa linalong'aa, na kung'aa huko ndiko kunakomvuta.

Tuelewane. Dawa hizo mbili ni za kuzuia ukungu, na zinatiwa baada ya kuchuma ili chungwa livumilie majuma ya njiani. Hata Ulaya zinaruhusiwa. Lakini kule kuna kiwango ambacho tunda haliruhusiwi kukipita, sheria inadai dawa iliyotiwa kwenye machungwa iandikwe, na shehena iliyozidi kiwango inarudishwa au inaharibiwa. Mwenye shamba anajua hilo, ndiyo maana anayepeleka Ulaya anapimisha mzigo kabla hajaupakia. Sasa mzigo unaokuja kwetu, nani amemdai apimishe?

Lori linavuka Zimbabwe, linavuka Zambia, linafika Kasumbalesa. Pale kila dirisha lina bei yake na kila muhuri una mwenyewe. Pesa hiyo mwisho wa yote tunailipa sisi tunaonunua pome (matofaa) kwa kipande. Sawa, Leta (serikali) lazima ile. Lakini nilipokwenda kwenye ofisi moja inayohusika (siitaji, wanajijua) kuomba nione matokeo ya maabara ya shehena moja tu ya matunda, hata ya zamani, bwana wa mezani alinitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mama, makaratasi yote iko sawa, sasa unatafuta nini tena?"

Akanionyesha hayo makaratasi. Lililo kubwa kuliko yote lilikuwa cheti cha afya ya mimea. Jamani, someni vizuri cheti hicho kinasema nini! Kinasema matunda hayana wadudu wala magonjwa ya mimea. Kazi yake ni kulinda miti na mashamba ya nchi inayopokea. Kuhusu dawa iliyobaki kwenye ganda hakisemi lolote, wala hakikuandikwa kwa ajili hiyo. Yaani mwembe wa Kipushi umelindwa, na mtoto wa Ruashi anayeng'ata pome na ganda lake hana karatasi hata moja inayomtetea. Na huyu bwana analipwa mshahara kunionyesha karatasi hiyo kwa kujivunia.

Msiniambie habari ya kuangalia kwa macho. Ule unga mweupe juu ya zabibu ambao watu wanauogopa ni nta ya zabibu yenyewe, haina ubaya. Sumu haionekani. Ulaya, dawa ambayo haina kiwango chake maalumu inawekewa miligramu 0.01 kwa kilo: hiyo ni gramu moja katika tani 100 za matunda, malori matatu au zaidi. Jicho gani la afisa litaona hapo? Inatakiwa maabara, basi.

Na si dawa zote ni za ukungu. Kuna klorpirifosi, ya kuua wadudu shambani. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2020, sababu mojawapo ikiwa hofu ya madhara yake kwenye ubongo wa watoto. Mwaka 2025 ikaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani, ingawa wameacha matumizi machache kwa muda. Kongo imo katika mkataba huo. Tulijiunga ili iweje, kama mpakani hakuna anayeitafuta?

Turudi kwenye kuosha. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, waliosha pome kwa maji yenye bikaboneti (magadi soda ya jikoni). Ilichukua dakika 12 hadi 15 kuondoa dawa iliyokuwa juu, na ile iliyokwisha kuzama ndani ya ganda haikutoka. Mimi nanunua maji kwa bido (dumu). Nani kwetu ataloweka pome robo saa, kisha amwage maji hayo?

Ninachotaka ni hiki. Shehena kadhaa zichukuliwe sampuli kila mwezi, na kama mashine haipo hapa, sampuli zipelekwe mahali ilipo. Pesa ya madirisha yale inatosha. Mwagizaji aonyeshe kipimo cha mabaki ya dawa kama anavyoonyesha ankara. Matokeo yabandikwe sokoni, kwa Kifaransa na Kiswahili. Ibara ya 47 ya Katiba inasema haki ya afya na ya usalama wa chakula imehakikishwa. Imehakikishwa na nani, pale Kasumbalesa?

NYONGEZA: Aliyeuliza kama nataka bei ipande: bei inapanda kila siku bila kipimo chochote, hukulalamika. Na wewe uliyesema hata nyanya za huku kwetu zinapigwa dawa leo na kuuzwa kesho, ni kweli, fungua uzi wake nami nitakuja. Huu ni wa matunda yaliyopita mbele ya maafisa na kulipiwa.

Kwa bamama wenzangu wauzaji: mkichukua mzigo depo, ombeni kartoni yenye karatasi, msiiache. Mwenye picha ya karatasi hizo, za pome hasa, aiweke hapa chini. Nitazichapisha zote na kurudi nazo kwa yule bwana.